Nani Analipia Dakika? Modemu, Simu na Mtandao wa Chuo

Leo tuna habari ya kidude ambacho vijana wengi mnaonisikiliza huenda hamjawahi kukiona kikifanya kazi: modemu ya simu. Namaanisha kile kisanduku kilichokaa kati ya kompyuta na soketi ya simu ukutani, kikapiga namba ya chuo kikuu, kikatoa milio ya kukwaruza masikio kwa nusu dakika hivi, kisha kikanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikokuwa habari njema, kwa sababu kompyuta ya nyumbani ilikuwa tayari imeingia kwenye mtandao wa chuo. Swali langu ni moja, na nitalirudia ili hata aliye jikoni asilikose: ni nini kilichoamua nani aweze kuunganika na chuo akiwa nje ya chuo, na nani asiweze? Wengi hujibu upesi kwamba ni ugumu wa mitambo, au kwamba kasi ilikuwa ndogo mno. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Kilichoamua ni nani aliyelipia dakika za simu. Na nitajaribu kuonyesha kwamba swali hilo bado liko nasi, ingawa modemu zenyewe zimekwenda kwenye stoo na kwenye majalala.

Tuanze na mitambo, tuone kama kweli ndiyo ilikuwa shida. Chukua mwaka 1995. Mwanafunzi ana kompyuta yenye Windows 3.1, ambayo haikuletwa na programu ya kuzungumza na intaneti. Wengi walitumia Trumpet Winsock, programu iliyoandikwa na Peter Tattam wa Chuo Kikuu cha Tasmania, Australia, ikaenea dunia nzima kutoka diski hadi diski, na waliomlipa walikuwa wachache kuliko walioitumia. Mwanafunzi anachomeka waya mmoja nyuma ya kompyuta na mwingine kwenye soketi ya simu. Halafu anaijulisha modemu namba ya kupiga, kwa amri fupi ambazo kampuni ya Hayes ilizianzisha mwaka 1981 na kampuni nyingine nyingi zikaziiga: herufi A na T za kuiita modemu, D ya kupiga, kisha T kama kituo cha simu kinaelewa milio, au P kama ni kituo cha zamani kinachohesabu mapigo, yale ya simu za kuzungusha. Kama simu inapita kwenye swichibodi ya ofisi, unaanza na 9 au 0, unaweka alama ya mkato ili modemu ingoje kidogo, ndipo namba yenyewe inafuata. Modemu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ilikuwa na kiburi kidogo: isiposikia mlio wa kwao ilikataa kupiga, ikadai laini haina mlio, ilhali mlio upo unasikika. Dawa yake ilikuwa amri moja zaidi ya kuiambia isisubiri mlio, ipige tu.

Baada ya hapo kulikuwa na fomu ya kujaza: jina la mtumiaji, neno la siri, aina ya itifaki, ile ya zamani iliyoitwa SLIP au ile mpya zaidi iliyoitwa PPP, na anwani ya kompyuta ya chuo inayotambua majina, mafungu manne ya tarakimu yenye nukta katikati. Ukikosea tarakimu moja ya hiyo anwani, modemu inapiga, chuo kinaitika, jina na neno la siri vinakubaliwa, na bado hufiki popote. Hilo liliwatesa watu kweli. Lakini hebu tulitazame kwa haki. Chuo chenye idara ya kompyuta inayojali kilitoa karatasi moja au mbili za maelekezo, na mtu mwenye subira aliimaliza kazi hiyo jioni moja. Ilikuwa kazi ya mara moja. Ukishaipata, imekaa. Na mwaka huohuo 1995 Windows mpya ilitoka ikiwa na sehemu kubwa ya mambo hayo ndani yake. Zaidi ya hayo, kisanduku kilikuwa kilekile Michigan na kilekile Nairobi, amri zilezile, fomu ileile. Kama ugumu wa mitambo ndio ulioamua, mbona matokeo yalitofautiana kiasi kile?

Twende Michigan basi, kwa sababu huko ushahidi uko wazi. Vyuo vikuu vitatu vya jimbo hilo vilikuwa vimeanzisha pamoja mtandao ulioitwa Merit tangu 1966, na kadiri miaka ilivyokwenda mtandao huo ukaweka namba za kupiga kwa modemu katika miji mingi ya jimbo. Kwa nini miji mingi, badala ya namba moja kubwa pale chuoni? Kwa sababu Marekani na Kanada, nyumba nyingi zililipa ada moja ya simu kwa mwezi, na simu ya ndani ya mji haikuhesabiwa dakika. Ukipiga namba ya mjini kwako, unaweza kukaa kwenye laini kuanzia magharibi hadi alfajiri na bili isiongezeke hata senti. Ukipiga mji wa mbali, dakika zinaanza kuhesabiwa. Kwa hiyo kuweka namba katika mji mdogo kulikuwa uamuzi wa bei kwanza, ufundi ulifuata nyuma. Aliyepanga namba zile alijua vizuri kwamba mwanafunzi wa mji mdogo asiyepata namba ya karibu hataunganika, hata awe na modemu bora kiasi gani.

Hapa kuna atakayenipinga, na ana hoja. Atasema: huko ambako dakika zilikuwa bure, watu walikaa kwenye laini bila kazi, na modemu za chuo zikajaa. Ni kweli. Chuo chenye maelfu ya wanafunzi kilikuwa na modemu mia kadhaa tu, na saa tatu usiku ungepiga ukaambiwa laini inatumika, ukapiga tena, ikawa vilevile. Bei ilipoondoka, foleni iliingia mahali pake. Lakini angalieni vyuo vilivyofanya. Baadhi vilitenga namba ya pili kwa wenye haja fupi, robo saa kisha unakatwa, ili anayetaka kusoma barua pepe zake tu asizuiwe na anayecheza michezo hadi usiku wa manane. Foleni iko mikononi mwa chuo. Chuo kinaweza kuipanga, kuigawa, kuiongezea modemu. Bili ya simu iko mikononi mwa shirika la simu na mfuko wa mwanafunzi, na chuo kinaitazama kwa mbali. Ndiyo maana nasema foleni na bili si mizigo inayolingana, ingawa yote miwili ni mizigo.

Uingereza wao waliishi upande wa pili. Huko hata simu ya mtaa wa pili ilihesabiwa dakika, nafuu kidogo jioni na mwisho wa wiki. Walikuwa na vyuo vikubwa, wahandisi wa kila aina na modemu zilezile. Hata hivyo watu walikaa na jicho moja kwenye skrini na jicho jingine kwenye saa ya ukutani. Mpaka mwaka 2000, msimamizi wa mawasiliano wa huko, Oftel, alipoielekeza kampuni ya BT iwauzie watoa huduma za intaneti njia ya kulipa bei moja bila kuhesabu dakika. Modemu haikubadilika. Waya haukubadilika. Kilichobadilika ni hesabu ya malipo, na ndipo mtu wa kawaida alipoweza kuiacha laini wazi jioni nzima bila kuogopa bili.

Sasa tuje kwetu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kidogo, maana ndipo penye kiini cha hoja. Kwetu pia simu ya ndani ya mji ilihesabiwa kwa muda, na simu ya nje ya mkoa au nje ya nchi ilikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili. Enzi za Shirika la Posta na Simu Tanzania na za KPTC kule Kenya, simu ya ofisini ilifungwa kufuli dogo kwenye kile kiduara cha kuzungushia namba, na ufunguo ukakaa kwa mkubwa. Sasa jiulize: kwenye laini kama hiyo, unalipia nini hasa? Tufanye hesabu ndogo, moja tu. Modemu ya polepole, ya biti 2400 kwa sekunde, ilipitisha herufi kama 240 kila sekunde. Barua ya ukurasa mzima, tuseme herufi 2,000, ilipita kwa sekunde nane hivi. Sekunde nane! Lakini kuisoma barua hiyo kunachukua dakika mbili au tatu, na kuijibu kwa uangalifu kunachukua robo saa. Kwa hiyo mtu aliyesoma na kuandika huku laini iko wazi alilipia sekunde chache za kusafirisha maneno na dakika nyingi za kufikiri kwake mwenyewe. Ni kama kukodi teksi hadi sokoni, kisha kuiacha ikusubiri mita ikizunguka wakati wewe unapatana bei ya nyanya.

Na kulipia dakika hizo za kufikiri hakukuwa jambo la bahati. Kulitegemea programu ambayo chuo kilichagua. Chuo Kikuu cha Washington kiliandika programu ya barua iliyoitwa Pine, nzuri sana, nyepesi, iliyoishi kwenye kompyuta kubwa ya chuo. Ili kuisoma barua yako ulipaswa kuwa kwenye laini muda wote. Chuo Kikuu cha Illinois kwa upande wake ndiko Steve Dorner alikoandika Eudora, mwaka 1988. Eudora iliishi kwenye kompyuta yako wewe: inapiga simu, inachukua barua zote, inakata, nawe unasoma kwa nafasi, unaandika majibu, kisha inapiga tena na kuyapeleka kwa mkupuo. Kwa mwanafunzi wa Seattle, mji wa Chuo Kikuu cha Washington, asiyehesabiwa dakika, tofauti ya Pine na Eudora ilikuwa suala la mapendeleo. Kwa mtu wa laini inayohesabiwa, ilikuwa tofauti ya kuweza na kutoweza. Mhandisi wa chuo aliyewaambia watumiaji wake watumie programu fulani alikuwa anaamua pia ukubwa wa bili zao, pengine bila kujua.

Walioelewa jambo hili vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni watu wa FidoNet. Mfumo huu ulianzishwa na Tom Jennings wa San Francisco mwaka 1984, kwa ajili ya kompyuta ndogo za watu binafsi zilizokuwa sehemu mbalimbali za Marekani. Simu ya kutoka San Francisco hadi Baltimore, alikokuwa mwenzake John Madill, ilihesabiwa dakika hata huko kwao, na usiku ilikuwa nafuu. Basi ukapangwa muda wa saa moja kila usiku ambapo kompyuta zote zinaacha shughuli nyingine na kubadilishana barua zilizokusanywa mchana, zimebanwa ziwe ndogo, zinatumwa, laini inakatwa. Kufikiri kulifanyika mchana, bure. Kusafirisha kulifanyika usiku, kwa dakika chache. Wazo lililobuniwa kwa simu za masafa ya Marekani likawa dawa kamili ya Afrika, ambako karibu kila simu ilikuwa na gharama ya masafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi wa ESANET, uliofadhiliwa na shirika la IDRC la Kanada, uliunganisha kwa njia hiyo vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. London kulikuwa na lango la shirika la GreenNet lililobadilishana barua na kompyuta za FidoNet barani Afrika, na mara nyingi upande uliopiga simu ulikuwa London. Mnaona ujanja wenyewe? Simu ya kimataifa kutoka London ilikuwa nafuu kuliko ya kutoka huku, basi apige yule ambaye dakika zake ni rahisi. Afrika Kusini nako, Chuo Kikuu cha Rhodes kilipeleka barua zake kwa modemu hadi kwenye kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa mhandisi Randy Bush, mjini Portland, Oregon. Chuo kizima kikaifikia dunia kupitia nyumba ya mtu mmoja! Na ufundi wenyewe haukuwa wa kutisha. Watu walikaa wakauliza nani analipa, kisha wakapanga kila kitu kuanzia hapo.

Mtu mwingine ananiambia: unasahau ubora wa laini. Waya za kwetu zilikuwa na kelele, mvua ikinyesha simu inakohoa, laini inakatika katikati ya kazi. Silikatai hilo. Lakini modemu za wakati ule zilijua kujishusha. Zikikuta laini mbovu, zinapatana kasi ndogo zaidi na kukagua makosa, kipande kilichoharibika kinatumwa upya. Na kama tulivyoona kwenye hesabu yetu, kwa maandishi matupu kasi ndogo ilitosha. Kelele ziliumiza zaidi kwa sababu kila marudio yalikuwa ni dakika nyingine za kulipia. Ondoa mita, na laini mbovu inabaki kero tu. Weka mita, na laini mbovu inakuwa hasara.

Pingamizi zito zaidi ni hili: simu zenyewe zilikuwa wapi? Mwanafunzi wa bwenini Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakuwa na simu ya kulipia dakika wala ya kutolipia. Watu walijaza fomu za kuomba laini wakangoja miaka. Kwa hiyo, mtu atasema, hoja ya dakika inahusu wachache tu. Nakubali kwamba inahusu wachache, na nadhani tusijidanganye kwamba modemu ilimfungulia kila mtu mlango. Lakini hata kwa wale wachache, mhadhiri mwenye simu ofisini, daktari wa hospitali ya mkoa, mtafiti aliye kituoni, kufuli lile lilikuwa palepale. Simu ipo, modemu ipo, na mkuu wa idara anaogopa bili. Ndiyo sababu mfumo wa HealthNet, wa shirika la SatelLife lililoanzishwa na daktari Bernard Lown wa Boston, ulitumia pia setilaiti ndogo iliyopita angani mara chache kwa siku na kubeba barua za madaktari. Setilaiti haina bili ya dakika.

Basi tumefika leo. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika pwani yetu mwaka 2009, na simu ya mkononi imeshinda foleni ya Posta na Simu. Dakika hazihesabiwi tena. Zinahesabiwa megabaiti. Mwanafunzi akiwa ndani ya geti la chuo, chuo kinalipa. Akitoka nje ya geti, analipa yeye kwa bando. Mpaka ni uleule, umebadilika kipimo tu. Na hapa nasikia mzazi akisema: hawa hawa wanatazama video usiku kucha, leo somo la chuo ndilo linawamalizia bando? Mzee wangu, vifurushi vingi vinauzwa kwa mafungu: cha mitandao ya kijamii kina bei yake, cha intaneti yote kina yake. Mtoto anaweza kuwa na WhatsApp wiki nzima na asiweze kufungua tovuti ya chuo chake hata mara moja. Mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, Afrika Kusini walilitambua hili, na kampuni za simu zikafungua tovuti za vyuo bila kukata bando. Ulikuwa uamuzi mzuri, ila ulivuja: tovuti ilifunguka bure, lakini mhadhiri akiweka ndani yake kiungo cha video iliyohifadhiwa kwingine, bando linaanza kuliwa palepale.

Wahadhiri nao wana la kusema. Hatuna muda wa kuandaa kila somo mara mbili, zito na jepesi. Sawa, msiandae mara mbili. Lakini kurasa kumi za maelezo zilizopigwa picha kwa simu na kupandishwa zinaweza kufika makumi ya megabaiti. Kurasa hizohizo zikiandikwa kwa maandishi ni sehemu ndogo sana ya megabaiti moja, na mwanafunzi anazishusha mara moja, anazima data, anasoma mpaka usiku. Idara ya kompyuta ya chuo inaweza kuandika ukubwa wa faili kando ya jina lake, ili mtu ajue atalipa kiasi gani kabla hajabonyeza. Inaweza kuruhusu kazi ijazwe bila mtandao na itumwe mtandao ukipatikana, badala ya mtihani unaodai laini isikatike kwa saa mbili. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mtambo mpya. Yanahitaji mtu mmoja kwenye kikao cha kununua mfumo aulize, kabla ya kuuliza rangi na vitufe, kwamba huyu mwanafunzi wa Tandahimba au wa Lodwar atakapoufungua, nani atalipa?